Umechoka na safari ndefu? Nenda pwani, maji yakupangie siku (yaliyonikuta Ushongo, Pangani)

Nilikuwa natimiza mwezi wa saba nikiwa njiani. Nilianzia Kigoma Februari, nikapita Sumbawanga, Mbeya, Njombe, Songea, nikakatiza Tunduru mpaka Mtwara, afu Lindi, Kilwa, Dar, Bagamoyo, nafika Tanga Agosti nimechoka ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao. Siku moja pale stendi konda ananiuliza "dada unaenda wapi" nikakosa jibu, nimesimama tu na begi langu machozi yananilenga.

Hii nawaandikia wanaosafiri miezi, sio wikiendi. Uchovu wa hivi hautoki kwa kulala gesti siku mbili, maana mwili ukipumzika kichwa bado kinaendelea na kazi ileile, kila siku unaamua ule wapi, ulale wapi, huyu wa bodaboda kapandisha bei au ndo bei yenyewe, huyu mtu nimwamini au nisimwamini. Kinachochoka ni kuamua. Mimi nilipona pale nilipofika sehemu ambayo kuna kitu kingine kinaniamulia, na pwani kitu hicho ni maji kupwa na kujaa.

Kwenye baraza la gesti Tanga nilikuta dada mmoja mwalimu wa Voi, kaingilia Horohoro, yuko likizo, na kaka mmoja wa Lubumbashi aliyekuja Dar kwa biashara akaamua apumzike kabla ya kurudi kwao. Tulianza na chai, mpaka usiku tukakubaliana twende Ushongo, kijiji cha pwani kule Pangani, tupange nyumba kwa wiki mbili. Najua mtasema watu umewajua jana, ndo maana kabla ya kupanda gari tuliongea hela. Chakula tunaweka kwenye kopo, kila mtu elfu 10 kila baada ya siku mbili, likiisha tunajaza sawa, na ambaye leo hana aseme leoleo. Tena tukakubaliana asubuhi hakuna kuulizana "leo unafanya nini". Nimeshaona urafiki mzuri ukifa kwa hesabu ya chakula ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja, kwa hiyo hapa msione aibu jamani, ongeeni mapema kabisa.

Gari linakufikisha Pangani mjini, pale mto unapoingia baharini, wakati naenda mimi tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni afu bodaboda mpaka Ushongo. Siku ya kwanza kabla hata hatujafungua mabegi tulipita nyumba za jirani kutoa shikamoo. Msiruke hili. Jioni ileile mama wa jirani alituletea bada na samaki wa nazi, na hapo ndo tukagundua kila mtu ana jina lake, dada wa Voi anasema sima, kaka wa Lubumbashi anasema bukari, mi nasema ugali, mama anatuambia huu wa muhogo ni bada, tuleni upoe. Na kuhusu mavazi, kwenye mahoteli watu wanaogelea wanavyopenda ila ukiingia kijijini jifunge kanga.

Sasa maji. Jirani yetu mwingine alikuwa babu, nahodha wa siku nyingi, nikamuuliza "babu, kesho maji yanatoka saa ngapi?" akanionyesha mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana, yanatoka kabisa mida ya saa 4 asubuhi na yanajaa saa 10 jioni, afu kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50, mpaka yafike maji mafu ambapo kutoka na kujaa havipishani sana. Basi ratiba yetu ikawa hiyo. Maji yakitoka tunatembea mchangani, kina mama wanatafuta pweza kwenye miamba, yakijaa tunaogelea, ngalawa zikirudi tunanunua changu au tasi, siku upepo wa kusi ukichachamaa vyombo havitoki basi tunakula mbaazi. Siku ya nne nikagundua sijaamua kitu tangu nifike na kichwa kimekaa kimya, nililia tena lakini safari hii kwa raha.

Ukifuata maji kwenye miamba vaa yeboyebo, vile viatu vya plastiki, tafadhali. Dada wa Voi alikwenda peku akakanyaga wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, mguu ukawa moto, kina mama wakamkalisha wakampaka utomvu wa papai bichi, huku mkubwa wao akimwambia "pole mwanangu, maji yameanza kurudi twende." Hilo nalo shikeni, wenyeji wakigeuka kurudi na nyie geukeni, maji yanajaza mikondo ya nyuma yenu kwanza.

Asubuhi moja upepo ulikuwa umetulia tukaenda na boti kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje, sa hizi ni fungu la mchanga tu na bamvua likijaa linafunikwa. Kasa bado wanapanda kutaga hapohapo, kwa hiyo mayai yanahamishiwa ufukweni Ushongo yasizamishwe, baada ya miezi miwili hivi yanaanguliwa. Tulibahatika kuona vitoto vinaelekea majini, vidogo kama kiganja cha mtoto, watu wote wamenyamaza, kaka wa Lubumbashi ambaye alikuwa hajawahi kuishi karibu na bahari alikaa mchangani mpaka cha mwisho kikaingia.

Ushauri wangu mkubwa kaeni siku zisizopungua 10. Siku tatu za kwanza bado unasafiri kichwani, unashika simu unatafuta gari la kuondoka. Na msiwe pamoja muda wote, mchana kila mtu alikuwa na mti wake, tunakutana jikoni jioni.

Siku ya 14 tuligawana vitu, mkeka akachukua mwalimu, kaka akachukua kopo, sufuria tukampelekea mama jirani. Babu alitwambia tutoke alfajiri maji yakiwa nje tupite ufukweni kuliko barabarani, tukatembea na mabegi kichwani mpaka kulipokucha. Pale kivukoni konda akaniuliza naenda wapi, nikamwambia Lushoto.