Maswali ya Wasomaji: Nibane mpira wa bolingi au nilegeze?

SWALI: Shikamoo. Mi nafanya kazi Mji wa Serikali pale Mtumba, kila nikienda Dar kikazi jioni tunapita na wenzangu kucheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kwenye njia ndefu uangushe pini. Natumia mkono wa kulia. Shida yangu mpira unang'ang'ania kidole gumba halafu unadunda puu kwenye sakafu, au unakata kushoto moja kwa moja mtaroni pembeni ya njia, na kesho yake gumba linauma hata kushika kalamu siwezi. Mwenzangu mmoja anasema nibane zaidi, mwingine anasema nilegeze. Nimsikilize nani?
Msomaji wa Ihumwa, Dodoma

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Aliyesema ulegeze yuko sahihi ila hajakumalizia, maana hakuna mtu anayebana mpira kwa kupenda, unabana kwa sababu mkono unaogopa mpira utadondoka, na mara nyingi mkono una haki ya kuogopa kwa sababu tundu la gumba kwenye mpira limekupwaya. Kwa hiyo anza na mpira kabla hujaulaumu mkono. Ingiza gumba mpaka mwisho, lizungushe, liguse kuta za tundu bila kukabwa na litoke bila kuvutwa. Likipwaya badilisha mpira, usijitie ushujaa wa kuuzoea! Angalia na namba, ile ni uzito kwa ratili, namba 16 ambayo ndo mwisho ni kama kilo 7.26 na wengi wetu wa mara moja moja hatuihitaji kabisa.

Sa tuje kwenye kubana kwenyewe. Ukibana, misuli ya mkono wa chini inakaza, kiwiko kinakunjika, mkono unaacha kuning'inia unaanza kusukuma, ndo unakatiza mbele ya kifua na mpira unakwenda kushoto. Na gumba likichelewa kutoka linaunyanyua mpira badala ya kuuachia, hapo ndo ile puu yako. Gumba linatakiwa litoke kwanza, kidole cha kati na cha pete vifuate nyuma kidogo, na huo upenyo mdogo kati yao ndo unaoupa mpira mzunguko. Ukibana vyote vinatoka pamoja, mpira unakwenda umekufa.

Jaribu hili ukiwa nyumbani hapo Ihumwa. Chukua dumu la lita 5, jaza maji, hiyo ni kilo 5, sawasawa na mpira wa namba 11. Simama, lishike kwa vidole viwili tu kwenye mkono wake, gumba liguse tu, uliache libembee lenyewe mbele na nyuma. Halafu likabe kwa nguvu zote ulibembeze tena, utaona mwenyewe bega linapanda na dumu linaanza kuyumba kuja mbele ya mguu. Rudi kulegeza. Mi nikisema kubana kote ni 10, wewe kaa kwenye 4, na ibaki 4 hiyo hiyo mpaka unaachia, maana wengi wanaanza vizuri wakifika mstarini pa kuachia mpira wanakaba kwa woga. Na kabla hujaanza kutembea uzito wote ubebwe na mkono wa kushoto chini ya mpira, wa kulia upumzike.

Kingine watu wa Dodoma tunasahau, huku kukavu, Dar unatoka jasho, na mkono wenye jasho unabana wenyewe bila kukuuliza. Nenda na kitaulo, futa mkono na mpira kila zamu. Gumba likivimba katikati ya mchezo usilazimishe tundu lile lile, omba mpira wenye tundu pana zaidi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 8, nae anaweza?
Mama wa Kondoa

JIBU: Anaweza sana mama. Mtafutie namba 6, haifiki kilo 3, asimame katikati ya mstari ausukume kwa mikono miwili bila kuingiza vidole kabisa. Matundu yatamsubiri mpaka mkono ukue.