Kabla Hamjapanda Treni na Madumu ya Mawese

Jana kijana wa mwaka wa kwanza wa uzamili, mtoto wa hapahapa Ujiji, kanitumia picha ya kikombe cha kauri chenye unga mwekundu. "Kaka, nanotubu zangu zimebadilika rangi." Nanotubu, ile mirija ya kaboni midogo mno, hazijabadilika rangi, mdogo wangu. Zimeondoka. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kikombe hicho nakijua. Ninyi mlio likizoni Kigoma mkikusanya mawese ya kwenda kugeuza kuwa nanotubu, someni hapa kwanza.

1. Msinikaririe "karatasi ya grafini iliyoviringishwa", yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Hakuna anayeviringisha kitu; mrija unaota kwenye chembe ya chuma, kobalti au nikeli. Karatasi ni ya kuchorea tu. Chukua mkeka uukunje sawasawa, halafu uukunje mshazari, uone kama mistari ya ukili itakutana vilevile. Hiyo ndiyo (n,m), namba mbili zinazosema karatasi imekunjwa kwa mshazari gani. Ukitoa m kwenye n, jibu likigawanyika kwa 3, mrija unapitisha umeme kama metali. Lisipogawanyika, ni semikonda, yaani kipitishi nusu. Bibi yangu anayeshona mikeka alinielewa haraka kuliko baadhi yenu. Na kama mawese yatawapa zenye kuta nyingi, mrija ndani ya mrija na kila ukuta na (n,m) yake, kama yalivyonipa mimi, msijaze kurasa tano za (n,m) kwenye tasnifu.

2. Ule ugumu wa terapaskali 1 (paskali trilioni moja) mnaousifia ni wa mrija mmoja usio na kasoro. Ndiyo, ni kama mara 5 ya feleji, lakini hicho ni kipimo cha kukataa kuvutika, si cha kukatika. Zako ziko madonge, kama uji uliokorogwa na mvivu. Zitawanye kwa sabuni ya maabara na sonikata, mashine ya mawimbi ya sauti, chombo kikiwa kwenye barafu, na usizidishe muda: mawimbi yanazikatakata.

3. Tanuru. Hapa ndipo nilipozikwa.

Nilibeba dumu la lita 20 kwa treni toka Kigoma mpaka Dar, nikijiona mgunduzi, kumbe Wamalaysia walishatangulia na mawese yao. Miezi minne nikachanganya na ferosini, kemikali yenye chuma cha kuoteshea mirija, nikapitisha mvuke kwenye bomba la moto, nikakwangua masizi. Nikapata gramu chache. Raman, kipimo cha mwanga wa leza, ikanionyesha kilele cha G (kaboni iliyopangika) kwenye 1580 na cha D (kasoro) kwenye 1350, na D ilikuwa ndefu kuliko nilivyotaka. Nikaamua kusafisha. Kwenye makala niliyosoma usiku wa manane kulikuwa na "nyuzi 700 za Selisiasi, saa mbili". Sikusoma mstari wa chini uliosema argoni, gesi isiyounguza kitu. Nikaweka mavuno yote, narudia, yote, kwenye tanuru la hewa ya kawaida, nikaenda kula chipsi.

Kaboni ovyo huungua mapema, tangu 300 na ushee. Nanotubu zenye kuta nyingi hufuata kwenye 500 au 600, na chuma kikiwemo huwahi zaidi. Kwa hiyo kwenye 700 nilichoma kila kitu, kikatoka dirishani kama kaboni dayoksaidi, nikaachiwa kichocheo peke yake, kile chuma cha ferosini.

Aibu yenyewe inakuja. Nilimwambia msimamizi kwamba umeme ulicheza usiku. Mzee akainamisha kikombe, akagusa kwa kidole, akasema, "Hii ni kutu." Akaondoka. Sikuwahi kukaripiwa nikaumia kiasi kile. Nilipompigia mama anitumie dumu la pili, akauliza, "Mwanangu, huko chuoni mnasoma au mnapika?"

Kwa hiyo pima miligramu 10 kwa TGA kwanza, mizani inayopima uzito huku ikipasha moto, ujue zinaanza kuungua wapi, na nusu ya mavuno ibaki kabatini.

4. Barakoa ya kweli, si ya kitambaa: aina moja ya nanotubu ngumu zenye kuta nyingi iliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2014 kwenye kundi 2B la vinavyoweza kusababisha saratani.

5. Ukiulizwa matumizi, acha hadithi za lifti ya kwenda angani. Anza na elektrodi za betri za lithiamu.

Na wewe wa kikombe chekundu, dumu moja lipo kwangu, pitia kesho. Ila msimamizi usimwambie umeme ulicheza. Hilo nimeshalitumia.