Maswali Yenu: Jaribio Linaloganda, Video Isiyotazamwa

SWALI: Nafundisha takwimu kwa wanafunzi 320. Kila nikiweka jaribio kwenye Moodle, mfumo wetu wa kufundishia mtandaoni, muda wa kuanza ukifika tu mfumo unaganda, wengine wanatolewa nje, na wakirudi wanalalamika majibu yamepotea. Watu wa tehama wanasema seva ni ndogo. Nifanyeje kabla hawajanunua nyingine?

Seva inaweza kuwa ndogo kweli, ila kinachoiangusha hapa ni watu 320 kubofya kitufe kimoja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akianza jaribio, mfumo humwandalia karatasi yake: unachota maswali, unayapanga, unayaandika kwenye hifadhidata. Hiyo ni kazi nzito, na kwako inakuja kwa mkupuo.

Basi vunja mkupuo. Gawa darasa makundi manne ya watu 80, na kwenye mipangilio ya jaribio lipe kila kundi saa yake ya kufungua na kufunga, wakipishana dakika 10. Ukiona makundi ni usumbufu, acha jaribio wazi kwa saa mbili na umpe kila mmoja dakika 40 tangu anapoanza. Lakini hapa wengi hunaswa: saa ya kufunga ina nguvu kuliko zile dakika 40. Anayeanza dakika 10 kabla ya kufungwa anapata dakika 10 tu, na lawama zitakuja kwako. Waandikie wazi mwisho wa kuanza ni saa ngapi.

Kisha kagua picha. Grafu iliyopigwa kwa simu ikawekwa kama ilivyo inaweza kufika megabaiti 3. Zidisha kwa 320, unapata karibu gigabaiti nzima inayotakiwa kupita ndani ya dakika chache. Ipunguze hadi kilobaiti 100 na mzigo wote unashuka hadi megabaiti 32.

Maswali yapange manne au matano kwa ukurasa. Moja kwa ukurasa linaisumbua seva bure, maana kila kugeuza ukurasa ni ombi jipya. Yote kwenye ukurasa mmoja nako kunamfanya mwenye mtandao dhaifu asubiri sana. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja, isipokuwa kama mtu amebadilisha mpangilio huo, kwa hiyo muunganisho ukikatika hasara huwa ndogo. Malalamiko ya majibu kupotea mara nyingi chanzo chake ni kingine: mwanafunzi hakuwasilisha, muda ukaisha. Chagua jaribio lijiwasilishe lenyewe muda ukiisha, halafu uwaulize watu wa tehama kama cron, yaani ratiba inayoiendesha seva kufanya kazi zake za nyuma ya pazia, inafanya kazi kila dakika. Isipofanya, karatasi ya aliyekatikiwa mtandao hubaki ikining'inia bila kusahihishwa.

Kwa kuwa makundi yanapishana, waliotangulia wanaweza kuwaambia wenzao maswali, hivyo utahitaji benki ya maswali. Weka kwa mfano maswali 10 kwa kila mada, mfumo uchote mawili. Yawe na ugumu unaolingana, la sivyo mmoja atapewa ya mteremko na mwenzake ya mlima. Ukiruhusu pia majibu yachanganywe, futa chaguo la "yote yaliyotajwa hapo juu", kwa sababu likichanganywa linaweza kutokea la kwanza, na juu yake hakuna kitu.

Jaribio likiisha, fungua ripoti ya takwimu. Kwa mwalimu wa takwimu hili halihitaji maelezo mengi. Swali ambalo kipimo chake cha kutofautisha ni hasi, yaani wanaofanya vizuri ndio wanaolikosa, anza kulishuku kwenye jibu uliloweka kuwa sahihi kabla ya kuwashuku wanafunzi.

SWALI: Ninarekodi mihadhara yangu ya saa mbili na kuipakia yote. Faili inafika gigabaiti 1.8. Takwimu za mfumo zinaonyesha karibu hakuna anayefika hata nusu. Je, ninunue kamera bora?

Hapana. Fedha hiyo nunulia maikrofoni ya kubana kwenye nguo, uibane kifuani, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Picha yenye ukungu mwanafunzi ataivumilia. Sauti yenye mwangwi ataikimbia.

Halafu kata. Utafiti wa Philip Guo na wenzake uliotoka mwaka 2014, uliochambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulionyesha kuwa video fupi zisizozidi dakika 6 ndizo zilizowashika watazamaji zaidi. Usichukue mkasi ukakate kila dakika 6 kama kitambaa. Kata pale wazo linapoisha, na kila kipande kipe jina linalosema kilichomo: "Kwa nini tunagawa kwa n kutoa 1" ni bora kuliko "Wiki ya 4, sehemu B".

Kuhusu ukubwa, slaidi haziendi mbio. Hifadhi video kwa pikseli 480 za kimo na kilobiti 500 kwa sekunde, sauti ya mono kilobiti 64. Saa moja inakuwa takriban megabaiti 254. Maandishi yakififia, kuza herufi za slaidi kwanza kabla ya kupandisha ubora. Weka pia sauti peke yake, ambayo kwa saa nzima haifiki megabaiti 30. Mwenye bando dogo atakushukuru.

SWALI: Programu ya kukagua ufanano imempa mwanafunzi wangu asilimia 34, na nyingine inadai insha imeandikwa na akili mnemba. Nimpe sifuri?

Bado. Asilimia 34 ni kiasi cha maneno yanayofanana na maandishi mengine, pamoja na nukuu halali na orodha ya marejeo. Viondoe hivyo kwenye hesabu, kisha soma kilichobaki. Asilimia 20 kutoka chanzo kimoja, aya baada ya aya, ni kesi. Vipande vya asilimia moja moja kutoka vyanzo 20 mara nyingi ni istilahi za fani tu.

Hiyo programu ya pili isiwe ushahidi. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwombe mwanafunzi historia ya matoleo ya faili na rasimu zake, kisha mpe dakika 10 akueleze kwa mdomo kwa nini alichagua hoja ya pili na alichokiacha. Muhula ujao dai rasimu wiki mbili kabla ya insha yenyewe, na uipe alama.