Maswali na Majibu: Kuyapima Makao ya Wazee Uingereza

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi England, watatu wenye wazazi wanaohitaji matunzo na mmoja ambaye ni mhudumu.

Mama yetu alipata kiharusi na hatuwezi tena kumtunza nyumbani. Makao mawili ya karibu yote yamepewa daraja la "nzuri". Tuchague vipi?

Daraja hilo hutolewa na tume ya ukaguzi, Care Quality Commission au CQC, ambayo huyaweka makao katika ngazi nne: bora sana, nzuri, yanayohitaji kuboreshwa, na yasiyofaa. Kabla ya kusoma sifa, someni tarehe. Mapitio yaliyoongozwa na Penny Dash mwaka 2024 yalikuta watoa huduma ambao hawakuwa wamekaguliwa upya kwa miaka kadhaa, na ndani ya muda huo meneja aliyesifiwa huenda ameshaondoka pamoja na nusu ya wahudumu wake. Kisha ligawanyeni daraja lenyewe, kwa kuwa limejengwa juu ya maswali matano: usalama, ufanisi, upole wa wahudumu, kuitikia mahitaji ya kila mtu, na uongozi. Makao yanaweza kuitwa "nzuri" kwa jumla huku swali moja likiwa limeanguka. Likiwa ni la uongozi, mimi ningesita, kwa sababu kasoro nyingine huanzia hapo.

Tukienda kutembelea, tutazame nini?

Msiende mara moja tu, na msiende saa mliyopangiwa tu. Ziara ya asubuhi ya siku ya kazi, meneja akiwepo na chai imeandaliwa, haiwaelezi mengi; nendeni Jumapili jioni wakati wa chakula. Tazameni kama mzee asiyeweza kujilisha amekaliwa karibu na mtu anayemlisha bila haraka, au sahani huwekwa mbele yake na baadaye kuondolewa ikiwa imejaa. Tazameni kama glasi ya maji iko mahali mkono wake unapofika. Sikilizeni kengele inalia kwa muda gani kabla ya mtu kuitika. Harufu ya mkojo hutokea popote kwa dakika chache, lakini manukato makali yanayopuliziwa kila ukumbi kutwa nzima hunitia shaka zaidi.

Ulizeni wahudumu wangapi hukesha usiku, na wangapi kati yao ni wa wakala wasiowajua wazee kwa majina. Sheria ya England haikuweka idadi kamili. Inasema tu wawe wa kutosha, kwa hiyo jibu la "tunafuata sheria" si jibu. Ulizeni pia wazee hupimwa uzito kila baada ya muda gani na hatua gani huchukuliwa mtu anapopungua. Kwa mama yenu, ulizeni habari za udhu, nyama halali na kuogeshwa na mwanamke, na hakikisheni imeandikwa kwamba lugha yake ni Kiswahili, maana mtu anapoingiwa na maradhi ya usahaulifu, lugha aliyojifunza ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kumtoka.

Baba ametoka kidonda kisiginoni, wanasema ni uzee. Je, ni kweli?

Uzee peke yake hautoboi ngozi. Vidonda vya kulalia hutokana na mgandamizo wa muda mrefu mahali pamoja, na mwongozo wa NICE, taasisi ya taifa inayotoa miongozo ya matibabu na matunzo, unataka mtu mzima aliye hatarini abadilishwe mkao angalau kila saa 6, na aliye katika hatari kubwa kila saa 4. Ni kweli kwamba wapo wagonjwa, hasa walio karibu na kufa, wanaopata vidonda hata wakitunzwa vyema. Lakini hilo huthibitishwa kwa kumbukumbu. Ombeni kuona fomu inayoandikwa kila anapogeuzwa. Ikiwa kila mstari umeandikwa saa kamili, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mnayo haki ya kuuliza zaidi.

Tulipolalamika, tulizuiwa kumtembelea. Inaruhusiwa?

Tangu tarehe 6 Aprili 2024 kanuni zinayataka makao yaruhusu wageni isipokuwa katika hali za kipekee, na malalamiko si mojawapo. Andikeni kwanza kwa makao yenyewe, kisha kwa Ombudsman, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, wa serikali za mitaa na huduma za jamii. CQC haiamui kesi ya mtu mmoja, ila hupokea taarifa. Mkishuku mateso, msisubiri hatua hizo. Iarifuni halmashauri siku hiyo hiyo.

Mimi ni mhudumu mwenye viza inayodhaminiwa na mwajiri. Alfajiri tunaambiwa tujaze fomu za usiku mzima. Nifanye nini?

Usitie sahihi kazi ambayo hukuifanya, kwani mzee akidhurika jina litakalosomwa ni lako. Sheria ya mwaka 1998 inawalinda wafichuaji wa maovu kazini, na CQC hupokea taarifa hata usipojitaja. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba hofu yako haina msingi: mwajiri akipoteza leseni ya udhamini, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine. Anza kumtafuta huyo mwingine sasa, huku ukiandika daftarini mwako tarehe na saa za yale unayoyaona, bila kutaja majina ya wazee.