Ufunguo wa siri unaozaliwa ndani ya chipu: marudio peke yake hayatoshi

Mkuu, umeuliza kama ufunguo unaosomwa kwenye seli za SRAM (kumbukumbu ya ndani ya chipu, kila seli ikishika 0 au 1) unaweza kusahihishwa kwa kurudia kila biti katika seli 7 tu na kufuata jibu la wengi, ili saketi ibaki ndogo. Haitoshi. Nilianzia hapo hapo na nilipoteza wiki kadhaa.

Seli ya SRAM ikipata umeme huangukia 0 au 1 kufuatana na tofauti ndogo sana za transista zake, zilizotokea kiwandani. Nyingi zina upande wao na hazihami. Zinazoyumba ni zile ambazo pande zake mbili zinakaribia kulingana. Niliisoma bodi yangu asubuhi ikiwa imepoa, nikaipuliza kwa draya ya nywele, nikaizima na kuiwasha tena: biti zilizogeuka ziliongezeka pale pale kwenye skrini. Ukipima kwa joto la chumba tu utajidanganya.

Sasa piga hesabu. Chukua makosa 15%, yaani seli 15 kati ya 100 zimegeuka, kiwango ambacho watafiti wengi hukitumia kwa mazingira magumu. Kwa marudio 7, kura ya wengi hukosea seli 4 au zaidi zikigeuka, yaani takriban 1.2%. Unaiona ndogo, lakini biti zote 128 lazima ziwe sahihi. Karibu mara 4 kati ya 5 ufunguo hautatoka.

Usiongeze marudio, weka msimbo wa pili wa kusahihisha makosa juu yake. Msimbo uitwao Golay, katika biti 24, hurekebisha makosa 3 na kukuachia biti 12 za siri. Vipande 11 vya biti 24 vinakutosha, kila biti ikirudiwa mara 7, sawa na seli 1,848, na hatari ya ufunguo kutotoka inashuka hadi kama 2 kwa 1,000. Bösch na wenzake walionyesha mpangilio wa misimbo miwili ya namna hii kwenye FPGA (chipu ambayo saketi yake hupangwa upya na mtumiaji) mwaka 2008. Uzuri wake ni kwamba saketi moja ndogo inavihudumia vipande vyote kwa zamu.

Jambo ambalo hukuuliza: hesabu 1 na 0 za seli zako. Zikiegemea upande mmoja, data saidizi, yaani taarifa ya kurekebisha makosa unayoiacha wazi, humvujishia mwizi siri, na marudio huvujisha vibaya. Bodi yangu ya pili ilijaa 1. Ilibidi nisome seli mbili mbili, zinazofanana nazitupa, na kila jozi iliyobaki inanipa biti moja. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya jozi zilitupwa, zile seli 1,848 zikawa zaidi ya 7,392.