Shangazi, tunaposti Olusuba lakini hatuiongei

SWALI: Shangazi hujambo? Kwetu ni kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, ila mimi nimezaliwa Nairobi, nyumbani tunaongea Kijaluo na Kiswahili, Olusuba, lugha yetu Wasuba, imebaki kwa nyanya na wazee wenzake. Mimi na binamu zangu tulifungua akaunti ya TikTok tunaposti neno moja la Olusuba kila siku, laiki zinakuja kweli, lakini hakuna hata mmoja wetu anaweza kupiga stori na nyanya dakika mbili. Ama tunamaliza bando bure?
Mjukuu, Kayole

JIBU: Msiifunge hiyo akaunti mwanangu, ila mmeanzia pembeni. Olusuba haikukosa maneno, ilikosa mahali pa kuongelewa. Kanisa na shule ziliingia na Kijaluo, sokoni samaki wakauzwa kwa Kijaluo, wanaume wengi wakaoa Wajaluo na watoto wakashika lugha ya mama zao, basi ndani ya vizazi vichache tu lugha ya Kibantu, ndugu ya Ekegusii na Kikuria, ikabaki kwa wazee. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasuba zaidi ya 150,000 lakini kujiita Msuba na kuongea Olusuba ni vitu viwili, nenda kisiwa cha Rusinga ujionee.

Kwa hiyo itafutieni mahali. Vijana wa huko kwenu Mfangano walishaanza, kuna redio ya jamii EK FM pale kituo cha Ekialo Kiona, inatangaza kwa Olusuba, na uzuri wa redio ni kwamba mtangazaji hawezi kutaja neno moja akanyamaza, lazima aendelee kuongea mpaka kipindi kiishe!

Nyinyi fungueni grupu la WhatsApp, nyanya na wazee wawili watatu na nyinyi wote, sheria iwe moja: ni sauti tu na ni Olusuba tu. Msiandike, mtaanza kubishana tahajia na wazee watajitoa. Kila jioni mtu amuulize nyanya kitu cha kweli, amepika nini, ziwa limeamkaje, omena inauzwaje, na akijibu mjibu hata kama ni maneno matatu yamevunjika. Wakicheka wacheke. Ila waombeni mapema, tena kwa heshima, wasiwahamie kwa Kijaluo wakiona mmekwama. Wanafanya hivyo kwa huruma najua, lakini hapo ndipo vijana wengi wanapotelea, kwa sababu ukishajibiwa kwa lugha unayoijua hutajaribu tena.

Kama nyanya ana kabambe, ile simu ndogo isiyo na WhatsApp, kijana aliye karibu naye ampelekee simu yake jioni. Yale mazungumzo matamu ndiyo muweke TikTok, na maandishi ya Kiswahili chini, nyanya akikubali.

SWALI: Nilirekodi babu akisimulia vile wazee wetu walivuka ziwa kutoka Buganda, karibu saa nzima, simu ikazima na haijawaka tena. Nifanye nini?
Msuba wa Mombasa

JIBU: Pole sana, hiyo inauma. Usiitupe simu na usikubali ifutwe ndiyo iwake, tafuta fundi anayejua kutoa mafaili kwanza. Na kama babu yuko hai usingoje fundi, mwombe asimulie tena hata kama safari hii itatoka tofauti. Mwanzoni kabisa arekodiwe akisema jina lake, kijiji chake, tarehe, na kwamba amekubali na nani anaruhusiwa kusikiliza, maana kuna mambo ya ukoo ambayo si ya kila mtu. Siku hiyo hiyo weka nakala mbili, moja kwa kompyuta ya mtu unayemwamini na nyingine kwa intaneti. Mfangano kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba, waulize kama wanaweza kuweka nakala ya tatu, ili hata wajukuu wa jirani waipate bila kupitia simu yako.