Kuiga Saa ya Betri ya PC/AT: Kwa Wanaoanza

Anayeanza kuandika simuleta (programu inayoiga mashine) ya kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984 huiona saa yake kuwa kazi ya jioni moja: asome muda wa kompyuta yake, auweke kwenye rejista (nafasi ndogo za kuhifadhia namba ndani ya chipu), amalize. Nami nilidhani hivyo. Chipu yenyewe, MC146818 ya Motorola, ina baiti 64 tu, ambazo 14 ni za saa na 50 ni kumbukumbu inayolindwa na betri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mwaka. Rejista ya 9 ilipaswa kubeba 26 huku kila tarakimu ikiwa na biti nne zake. Mimi niliandika namba ile kama ilivyo, ikawa 1A kwa heksadesimali (mfumo wa kuhesabu kwa msingi wa 16, wenye herufi A hadi F), na programu ya tarehe ikaonyesha herufi mahali pa tarakimu. Biti ya 2 ya rejista B ndiyo huamua mtindo upi utumike, kwa hiyo iheshimu. Heshimu pia mtindo wa saa 12, ambao saa sita usiku huandikwa 12, wala si 0.

Biti ya 7 ya rejista A wengi huiacha 0 daima. Chipu halisi huiinua mikrosekunde 244 kabla ya kusogeza sekunde, na programu inayosubiri ipande kisha ishuke, ili ianze kuhesabu mwanzoni kabisa mwa sekunde, itasubiri bure.

Linalosumbua zaidi ni muda wenyewe. Mtumiaji akiirudisha tarehe hadi 1987, akafunga simuleta na kuifungua kesho yake, anatarajia siku moja iwe imepita, kwa kuwa saa ya betri hutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Ukihifadhi tarehe, saa itakuwa imesimama. Hifadhi kwenye faili tofauti kati ya saa inayoigwa na muda wa UTC (saa ya kimataifa isiyofuata ukanda wowote) wa kompyuta yako, pamoja na zile baiti 50. Nasisitiza UTC, kwani PC/AT haikuwa na wa kuiambia kwamba mwenyewe amevuka ukanda wa saa.

Faili hilo likikosekana, usibuni thamani za kupendeza. Biti ya 7 ya rejista D isomeke 0 mara ya kwanza, kisha 1, ili BIOS (programu ya kuwashia mashine) ipate kulalamika kuwa betri imekufa.